Bima Ndogo ya Pikapu ya Bibi

Pikapu ilifika nyumbani Jumamosi, na kufikia Jumatatu kuku walishaamua kwamba ni yao. Walijilaza chini yake mchana kutwa, na mmoja akaanza kutaga nyuma ya gurudumu la kushoto. Niliwafukuza, wakarudi. Nikawafukuza tena kwa hasira, maana mimi hasira zangu ziko karibu, na bibi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye gari, akaniambia niwaache.

"Wao angalau wanaitumiaga," alisema.

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, leseni ya miezi saba, na gari zima lenye mafuta na matairi manne yasiyo na kipara, limesimama uani kwetu, kijijini, nje kidogo ya Butiama. Kilichokosekana ni kikaratasi cha kubandika kwenye kioo cha mbele, stika ya bima. Bila hiyo nisingepita Kiabakari, maana trafiki wa pale walikuwa wanaangalia kioo kwanza, halafu ndiyo wanakuangalia wewe.

Ilikuwa miaka ile ambayo foleni za sukari na sabuni tulishaanza kuzisahau, ruksa ya kufanya biashara imezoeleka, na pamba hainunuliwi tena na ushirika peke yake. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao na bei zao. Mmoja wao, mwenye ghala Bunda, alimwahidi bibi kwamba msimu ukifunguliwa angetupa kazi ya kusomba pamba kutoka vijijini. Sharti lake lilikuwa moja tu, gari liwe na bima. Alishawahi kuburuzwa mahakamani kwa ajili ya gari la mtu mwingine na hakutaka kurudia.

Hapa sina budi kueleza nyumba yetu ilivyokuwa. Bibi aliolewa, akakaa na mume wake miaka mingi, hawakujaliwa mtoto. Mume akafa. Bibi alikuwa mkulima wa pamba hodari kuliko wanaume wengi wa pale, na kila mwaka fedha ya pamba aliigeuza ng'ombe. Huku kwetu Mara mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa mahari kwa ng'ombe wake, analeta binti nyumbani, na watoto wanaozaliwa na binti huyo ni wa nyumba yake yeye, wanabeba jina la mume wake aliyekufa. Huitwa nyumba ntobhu. Binti aliyeletwa ndiye mama yangu, na mtoto aliyezaliwa ni mimi. Mwanamume aliyenizaa nilimjua kwa sura. Tulisalimiana njiani, tukapishana, basi. Nilimwita bibi kwa sababu ya umri wake, lakini kijiji kizima kilijua kwamba aliyetoa ng'ombe ili mimi niwepo ni yeye.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakutaka kujua. Mdogo wa yule marehemu, ambaye nilimwita baba mdogo, alishikilia kwamba ng'ombe wa bibi ni ng'ombe wa kaka yake, kwa hiyo ni wa ukoo, na kwa kuwa msimamizi wa mali ya ukoo ni yeye, basi. Bibi alipouza ng'ombe akanunua pikapu, baba mdogo aliitisha kikao. Alisema mwanamke mzee ametupa mifugo ya watu kwa kumnunulia chuma mtoto wa kuokota. Nilikuwepo. Nilitaka kumrukia, bibi akanishika shati kwa nyuma. Kisha akasimama, akasema mbele ya wote kwamba msimu wa pamba ukifunguliwa na gari bado liko uani, ataliuza mwenyewe na fedha atamkabidhi shemeji yake anunue ng'ombe, wakae zizi la ukoo. Watu wakaafiki. Tulikuwa na wiki nane hivi.

Nikaanza kutafuta bima.

Ofisi ya Musoma mjini ilikuwa na feni moja na mama mmoja aliyevaa miwani iliyofungwa uzi sikioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umegonga au umegongwa?"

"Bado."

"Basi kaa."

Nilikaa, na nakiri kwamba nilisahau haraka shida iliyonipeleka, kwa jinsi mambo aliyonieleza yalivyonishangaza. Alisema kuna bima kubwa na bima ndogo. Bima kubwa inalipa gari lako na la mwenzio. Bima ndogo inamlipa yule uliyemuumiza au kumharibia mali yake. Gari lako wewe utalilia mwenyewe.

"Kwa hiyo hiyo ndogo nalipa kwa ajili ya mtu nisiyemjua?"

"Ndiyo."

"Na huenda asitokee?"

"Tunaomba Mungu asitokee," alisema.

Nilimfikiria mtu huyo. Pengine alikuwa mtaani Nyakato, pale pale mjini, muda ule, anakaanga sato, hana habari kwamba kuna kijana wa Butiama anahangaika kutafuta fedha kwa ajili yake. Nikauliza ni nani aliyekaa akahesabu ajali zote mpaka akajua kila gari litoe kiasi gani, na kama mtu huyo aliwahi kuja huku kwetu. Mama yule alivua miwani akanitazama.

"Una umri gani?"

Nilipomwambia, na nilipomwonyesha leseni, alisikitika kwa dhati. Dereva wa chini ya miaka ishirini na mitano, tena leseni yake haijakomaa, huongezewa juu ya bei ya kawaida. Na akigonga, sehemu ya kwanza ya hasara anaibeba mwenyewe.

"Lakini macho yangu ni mazima kuliko ya wazee wote wanaoendesha hapa mjini," nilisema, sauti ikaanza kupanda. "Masikio mazima. Usiku naona."

"Mwanangu, shida ya kijana si macho. Ni mguu."

Alitaja bei. Kwa bei ile ningeanza kwa kuuza gari ili nilipe bima yake.

Nyumbani bibi alikuwa akipukuchua mahindi na mama. Nilimweleza yote, akasikiliza huku mikono ikiendelea. Alitaka kujua kama mwaka ukiisha bila ajali fedha inarudi. Nikasema hairudi.

"Hata mganga, usipopona unamdai mbuzi wako."

"Ndivyo ilivyo, bibi."

Alipukuchua bunzi zima. Halafu akasema kwamba, kwa kweli, jambo lenyewe si geni. Yeye ng'ombe wake hakuwahi kuwalaza wote zizi moja. Wengine walikuwa kwa rafiki yake upande wa Bunda, wengine kwa mtu mmoja karibu na ziwa, ili ugonjwa au wezi wakija kwake wasimalize wote. Na rafiki aliyekaa na ng'ombe alikunywa maziwa, hayo yalikuwa malipo yake. "Hao wa Musoma wanakunywa maziwa," alisema, "lakini ng'ombe sijamwona." Mama alicheka mpaka mahindi yakamwagika.

Zamani hadithi ingeishia hapo, maana bima ilikuwa mlango mmoja, wa serikali, ukifungwa umefungwa. Lakini siku hizo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa, na utingo mmoja aliniambia kwamba Bunda amekuja wakala wa kampuni ya watu binafsi. Nilimkuta mtaa wa Kabasa, kwenye chumba kimoja na mwenye mashine ya fotokopi. Alikuwa kijana wa mkoa mwingine, amevaa tai kwenye joto lile, mezani ana kalamu tatu na muhuri mpya. Nilimpenda papo hapo kwa sababu hakuchoka kuulizwa. Nilitaka kujua mbona yeye anauza rahisi kuliko wengine kitu ambacho hakishikiki. Akasema ni soko huria. Nikauliza kama soko huria linamhusu na kijana wa miaka ishirini na mmoja. Akasema hapo hapana, hata kampuni yake iliongeza kwa vijana, ila bima ndogo bila ile nyongeza tungeiweza. Alipiga hesabu, akanigeuzia karatasi. Bila nyongeza, fedha iliyokuwa kwenye kopo la bibi ilitosha.

Alinituma vielelezo. Wiki iliyofuata nilirudi na vyote nilivyokuwa navyo: kadi ya gari yenye jina la bibi, karatasi ya mirathi ya mahakama ya mwanzo kuonyesha kwamba jina la ukoo analotumia ni la mume wake, na kadi yangu ya ubatizo yenye jina la marehemu mahali pa baba, maana cheti cha kuzaliwa sikuwahi kuwa nacho. Wakala alizipanga mezani. Akasoma moja, akasoma nyingine. Akarudi kwenye ya kwanza. Kisha akaanza kutabasamu.

"Bwana mdogo, baba yako alifariki mwaka gani?"

Nikamwambia asome, si imeandikwa.

"Nimesoma. Na wewe umezaliwa miaka sita baadaye." Aliweka kidole juu ya kadi ya ubatizo. "Hii imekosewa. Au walikupunguzia umri uingie shule, maana watu wengi wanafanya hivyo. Mtu hawezi kuzaliwa miaka sita baada ya baba kufa. Wewe una ishirini na saba, kwa uchache."

Niliitazama kadi yangu chini ya kidole chake.

"Ishirini na saba haina nyongeza," alisema, naye alionekana kunifurahia. "Nenda mahakamani mkaape, mzazi au mlezi aweke dole gumba kwamba ulizaliwa marehemu akiwa hai. Niletee kiapo, nakuandikia siku hiyo hiyo."

Ningeweza kumweleza. Ingekuwa maneno mawili matatu tu. Lakini nilishukuru, nikakunja karatasi zangu, nikatoka nikitembea kama mtu mzima wa miaka ishirini na saba. Njia nzima ya kurudi nilijifurahisha kwa kupiga hesabu za maisha yangu mapya. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikiwa na ndevu. Nilikuwa nimezaliwa wakati mama bado anachunga mbuzi kwao, hajui hata nyumba yetu iko upande gani. Nilicheka peke yangu hadi aliyekaa jirani kwenye basi akasogea kidogo.

Nilimpa bibi habari kabla sijanywa hata maji. Nilizipamba: wakala amegundua njia, ni dole gumba tu, kesho twende. Bibi aliacha kazi. Aliniuliza nirudie vizuri karatasi itasema nini. Nikarudia.

"Kwa hiyo mimi sikuoa," alisema.

"Ni karatasi tu, bibi."

"Itasema wewe ni wa mume wangu. Amekuzaa yeye, akiwa hai."

"Itasema hivyo, lakini sisi tunajua."

"Sisi tunajua. Na baba yako mdogo atajua kusoma."

Sikuelewa, na sikutaka kuelewa, ndiyo maana nikapandisha sauti. Nilimwambia kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka natamani kukirudisha kinywani. Nilisema, "Wewe unataka sifa ya kuoa, mimi nataka gari. Ukaolewe na hiyo sifa yako." Mama alisimama mlangoni, akaniita jina langu mara moja, kwa sauti ndogo. Nilitoka nje nikaenda kukaa kwenye gari lisilokwenda popote.

Bibi alinifuata. Alifungua mlango wa upande wa pili, akapanda kwa shida, akakaa. Hakunigombeza. Alinieleza polepole, kama mtu anayemwonyesha mwenzie njia ya mkato. Kama mimi ni mtoto wa marehemu, basi mali ninayorithi ni ya marehemu, na msimamizi wa mali ya marehemu ni ndugu yake. Gari lingehamia kwa baba mdogo siku ile ile, kwa dole gumba la bibi mwenyewe. Lakini kama mimi ni mtoto wa nyumba aliyoioa yeye, kwa ng'ombe alionunua kwa pamba yake, baba mdogo hana pa kushika.

"Mama yako nilimtolea ng'ombe ili nyumba yangu isizime," alisema. "Halafu wewe unataka niende nikaape kwamba sikumtolea. Mura, kijana wangu, bei rahisi namna hiyo, ni rahisi kweli?"

Nililia. Kijana wa ishirini na saba, nililia na usukani mkononi, na haikuwa kwa ajili ya gari. Nilimwomba msamaha, akasema kuku wanataka kulala, tushuke.

Zilibaki wiki mbili na nusu. Bibi alivaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa, tukapanda basi mpaka Bunda. Wakala alipomwona aliinuka akampa kiti chake.

"Shikamoo mama. Umeleta kiapo?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe. Huyu ana miaka ishirini na mmoja."

Wakala alinitazama, akamtazama bibi. "Lakini mama, baba yake..."

"Baba yake ni mimi."

Mwenye fotokopi alizima mashine. Wakala alitabasamu akisubiri mzaha uishe, na bibi hakumpa msaada wowote, alikaa tu na mkoba wake magotini. Halafu akaeleza. Alitaja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi, alivyompeleka kwa wazazi wa mama yangu: mwekundu, mwenye baka, yule mweusi aliyekataa kuvuka mto. Wakala, ambaye kwao jambo hilo halipo, alisahau kazi kama mimi nilivyosahau Musoma. Aliuliza kama kuna harusi. Aliuliza kama mke anaweza kudai talaka, na ng'ombe wanarudi wangapi. Bibi alijibu yote. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye hajaulizwa kwa miaka mingi.

"Sasa," alisema bibi baadaye, "wewe kwa hii mtoto unaogopa nini hasa?"

"Vijana wanakimbiza, mama. Hesabu ndiyo inavyosema."

"Nikiwa ndani hakimbizi."

"Utakuwa ndani kila safari?"

"Nimeinamia jembe miaka arobaini. Kukaa kwenye kiti ndiyo kutanishinda?"

Wakala alicheka, kisha akaacha kucheka akashika kalamu. Alisema hana mamlaka hayo, ila anaweza kuandika, wakubwa zake Mwanza waamue. Akaandika kwamba nyongeza iondolewe kwa sharti kuwa gari litaendeshwa mwenye gari akiwemo ndani, mpaka leseni ya dereva itimize miaka mitatu. Chini kulikuwa na mstari unaouliza dereva na mwenye gari wana uhusiano gani. Mstari ulikuwa mfupi, wa kuandika neno moja. Yeye aliandika mpaka pembeni, akageuza karatasi akamalizia nyuma, kisha akamsomea bibi: dereva ni mtoto wa nyumba ya mwenye gari, mwenye gari ndiye aliyemwoa mama yake, kwa mahari ya ng'ombe alionunua kwa jasho lake.

"Soma tena," bibi alisema.

Alisoma tena. Bibi akaweka dole gumba, wakala akagonga muhuri wake mpya.

"Mwanza watanicheka," alisema.

Kama walimcheka sijui. Jibu lilikuja siku nne kabla ya msimu pamoja na ile karatasi, wamekubali. Nilibandika stika kwa mate na kitambaa, nikairudia mara tatu ili isikunjike. Baba mdogo alikuja kuitazama. Aliinama akaisoma kwa nje, herufi moja moja, akaondoka bila kuomba hata maji ya kunywa.

Msimu ule na uliofuata nilisomba pamba na bibi kiti cha pembeni. Alikalia mto alioujaza pamba yake mwenyewe. Nikikanyaga mafuta kupita kiasi alinigonga goti na vidole viwili, akasema, "Mguu." Aligombana na wapimaji kwenye mizani, akasalimia vijiji vizima kupitia dirishani. Siku tulizopeleka mzigo Musoma alitaka tupite Nyakato polepole, atazame nyumba zinazojengwa. Trafiki wakatuzoea. Wengine walisimamisha gari ili wamsalimie tu, na mimi nilinuna, maana mzigo unachelewa. Rafiki zangu waliniita dereva wa bibi. Nilichukia, nikapiga kelele, na kesho yake nikampangusia kiti vumbi.

Alikufa mwaka wa pili, pamba ikiwa imeshakwisha mashambani. Aliumwa siku tano tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, leseni yangu haijatimiza mitatu, na stika ya pili kwenye kioo ilibakiza miezi miwili.

Matanga hayajaanuliwa vizuri, baba mdogo akafungua shauri baraza la kata. Alitaka pikapu na ng'ombe waliobaki kwa marafiki wa bibi. Hoja yake ilikuwa ile ile, mali ya kaka yake, na safari hii alishika kadi yangu ya ubatizo, ambako jina la baba ni la kaka yake. Mwenyekiti aliniuliza nina nini cha kuonyesha. Cheti cha ndoa ya bibi na mama hakikuwahi kuwepo. Walioshuhudia mahari walikuwa watatu. Wawili walishakufa, na wa tatu alisema uzee umemwondolea kumbukumbu, huku akimtazama baba mdogo. Mama aliongea vizuri, lakini alikuwa mama yangu.

Nikaomba dakika chache, nikakimbia nyumbani. Karatasi ya bima ilikuwa mahali pake, chini ya ule mto. Mama wa ofisi ya Musoma alinifundisha kwamba bima ndogo hailipi chako hata kimoja, na ndivyo nilivyoamini. Nilimkabidhi mwenyekiti, nikiwa sina matumaini makubwa. Aliisoma mbele kimyakimya. Akageuza nyuma, akarudi mbele, akavaa miwani sawasawa, akaanza kusoma kwa sauti: dereva ni mtoto wa nyumba ya mwenye gari, mwenye gari ndiye aliyemwoa mama yake, kwa mahari ya ng'ombe alionunua kwa jasho lake. Dole gumba. Tarehe. Muhuri. Katika dunia nzima hiyo ndiyo ilikuwa karatasi pekee iliyoniandika mimi na bibi pamoja, na iliandikwa na mgeni aliyekuwa anataka tu kuuza bima.

Wajumbe waliipokezana. Mmoja alimuuliza baba mdogo kama dole lile si la shemeji yake. Aliitazama karatasi, akairudisha mezani, na shauri likaisha pale pale. Nilipewa gari, nikapewa na ng'ombe.

"Chukua gari lako," mwenyekiti alisema akinirudishia karatasi. Kisha macho yake yakaangukia tena upande wa mbele, akasita. "Ila hapa imeandikwa uendeshe mwenye gari akiwemo."

"Ndiyo, mzee," nilisema. "Najua."

Nilirudi nyumbani nikatoa ule mto nikaukung'uta, nikaurudisha kwenye kiti chake. Nikafunga milango. Mnunuzi wa pamba alinitumia mtu kuuliza kama niko tayari kwa kazi nyingine, wakala naye akasema nikifika Bunda ataniandikia upya kwa jina langu. Niliwaambia wasubiri. Miezi ile miwili pikapu ilisimama uani, kuku wakarudi chini yake, na sikuwafukuza.